Figma kwa mbunifu anayeacha kazi za kujitegemea: ulipie kiti kipi, faili ni za nani, na inakwama wapi

Mbunifu anayefanya kazi peke yake anaijua Figma, programu ya kuchorea skrini za simu na tovuti, kama meza yake. Anachora, anamtumia mteja kiungo, analipwa, anafungua faili nyingine. Siku anapoingia kwenye kampuni changa yenye mwanzilishi mmoja, wahandisi watatu na mtu wa masoko, programu ni ileile lakini meza si yake tena. Kuna anayelipia, kuna anayehesabu viti, kuna mhandisi anayesubiri vipimo, na kuna faili za wateja wa zamani ambazo hazina haki ya kuonekana hapo. Tunaipima Figma kwa hali hiyo tu, yaani inamfaa vipi mtu anayehama kutoka upweke kwenda timu ndogo, na wapi itamsumbua.

Hukumu tunaitoa mapema. Kwa timu ya watu 3 hadi 15, Figma bado ndiyo programu tungeichagua, na mpango wa Professional unatosha. Mpango wa bure, Starter, hautoshi hata kwa mbunifu mmoja mwenye timu nyuma yake. Mpango wa Organization ni gharama ambayo kampuni changa haina sababu ya kuibeba mapema. Pesa nyingi zinazopotea kwenye Figma zinapotea kwa viti ambavyo hakuna aliyevihitaji, na muda mwingi unapotea kwa sababu mbunifu alihamia kazini na mazoea ya kufanya kazi peke yake.

Tuanze na viti, yaani ruhusa inayolipiwa kwa kila mtumiaji. Tangu Machi 2025 Figma inauza viti vya aina nne. Kiti cha Full ni cha anayechora, na kinabeba kila kitu ikiwemo Dev Mode, sehemu ambamo mhandisi husoma vipimo na msimbo. Kiti cha Dev ni cha mhandisi anayesoma vipimo na msimbo. Kiti cha Collab ni cha anayetumia ubao wa FigJam na slaidi. Kiti cha View ni bure, na mwenye nacho anafungua faili, anaangalia na kuandika maoni. Kwa bei za Professional zilizotangazwa wakati huo, Full ni dola 16 kwa mwezi ukilipia mwaka mzima, au dola 20 ukilipa mwezi kwa mwezi. Dev ni dola 12 au 15, na Collab ni dola 3 au 5. Kwenye Organization kiti cha Full kinapanda hadi dola 55 kwa mwezi, tena kwa malipo ya mwaka tu.

Chukua kampuni ya watu 8 yenye mbunifu mmoja. Akipewa Full, na mhandisi mmoja wa programu ya simu akapewa Dev, wengine 6 wakabaki View, hesabu ni dola 28 kwa mwezi, sawa na 336 kwa mwaka. Kampuni hiyohiyo ikimpa kila mtu kiti cha Full kwa malipo ya mwezi, inalipa dola 160 kila mwezi, sawa na 1,920 kwa mwaka. Tofauti hiyo inanunua kompyuta. Na haitokei kwa sababu mtu aliamua vibaya, inatokea kidogokidogo. Mtu wa masoko anataka kubadilisha neno moja kwenye bango, anaomba kiti cha kuhariri, ombi linamfikia msimamizi, msimamizi anabonyeza kukubali akiwa kwenye kikao, na kiti kinabaki pale. Mali bila daftari huisha bila habari. Mwenye dhamana ya Figma kwenye timu afungue ukurasa wa viti mara moja kwa mwezi, aangalie nani ana nini, na ashushe kila asiyechora.

Mhandisi wa upande wa seva karibu kamwe hahitaji kiti cha Dev. Mwanzilishi hahitaji kitu zaidi ya View, hata akikuambia anapenda kusogeza vitu mwenyewe. Mwenye View akibofya kitu anaona vipimo vya msingi, rangi na fonti, kwa hiyo waanze wote na View, kisha mpandishe yule ambaye baada ya wiki mbili bado anakuja mezani kwako kuuliza nafasi kati ya vitufe.

Jambo moja kuhusu malipo. Kwa mbunifu aliyezoea kujitegemea, kishawishi cha kwanza ni kuifungua timu ya kampuni kwa akaunti yake na kuilipia kwa kadi yake ili kazi ianze leo. Usifanye hivyo. Anayefungua timu ndiye msimamizi wake, ankara zinakuja kwa jina lake, na siku mnayoachana mnaanza kugombania ufunguo. Timu ifunguliwe kwa barua pepe ya kampuni, kadi iwe ya kampuni, na wasimamizi wawe wawili. Ankara ni za dola. Kenya, kampuni isiyo bado na kadi ya benki inaweza kutumia kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay, mradi salio liwepo siku ya kulipia upya.

Bei hizi zitapanda, na timu ijipange hivyo. Figma iliasisiwa mwaka 2012 na Dylan Field na Evan Wallace, na mwaka 2016 ikafunguliwa kwa umma. Septemba 2022 Adobe ilitangaza kuinunua kwa dola bilioni 20. Desemba 2023 mpango huo ukavunjika mbele ya wasimamizi wa ushindani wa Umoja wa Ulaya na Uingereza, na Adobe ikalipa fidia ya dola bilioni 1. Julai 2025 hisa za Figma zikaanza kuuzwa New York. Kampuni yenye wanahisa wa soko la hisa hutafuta mapato zaidi kila robo mwaka, na viti ndiyo mapato yake.

Sasa kuhama kwenyewe, na hapa ndipo tunapotaka mbunifu atulie na kufanya mambo kwa mpangilio.

Fungua akaunti mpya kwa barua pepe ya kampuni, hata kama ya zamani una miaka nayo. Figma inakuruhusu kuwa ndani ya akaunti zaidi ya moja kwa wakati mmoja na kubadilisha kwa kubofya picha yako, kwa hiyo hakuna usumbufu wa kuingia na kutoka. Kazi ya kampuni ikae kwenye akaunti ya kampuni, na kazi yoyote ya pembeni ambayo mkataba wako unairuhusu ibaki kwenye akaunti yako. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Tangu 2024, rasimu hazielei tena juu ya akaunti ya mtu. Zinakaa ndani ya timu ulimozifungulia. Nembo ya binamu yako uliyoichora kwenye rasimu za timu ya kampuni iko kwenye nyumba ya kampuni, na msimamizi ndiye mwenye nyumba.

Kisha safisha deni la wateja wa zamani. Kila faili ya mteja ambayo kazi yake imeisha, fungua dirisha la Share, tafuta jina la mteja, na umfanye mmiliki. Mteja lazima awe na akaunti, ya bure inatosha kupokea. Kabla ya kumkabidhi, hifadhi nakala ya .fig kwenye diski yako kupitia menyu ya File, kwenye amri ya Save local copy. Wengi hawajui kwamba nakala hiyo ina michoro tu. Maoni yote hayaingii, na historia ya matoleo haiingii. Kama makubaliano yenu na mteja kuhusu rangi au maneno yalifanyika kwenye maoni, yanakili kwenye hati ya kawaida kwanza, la sivyo ushahidi wako unaishia siku faili inapoondoka mkononi.

Kama ulikuwa unalipia Professional yako mwenyewe, usikimbilie kuishusha siku hiyohiyo. Ukirudi Starter unarudi kwenye kikomo cha faili 3 za usanifu kwenye timu, historia ya matoleo inakuwa ya siku 30 tu, na maktaba ulizokuwa unachapisha kwa ajili ya faili zako nyingine zinapoteza uwezo huo. Kabidhi kwanza, hifadhi nakala, punguza faili, ndipo ushushe.

Usichukue seti ya komponenti (vipande vya skrini vinavyotumika tena na tena, kama vitufe) uliyomjengea mteja mmoja ukaihamishia kampuni mpya. Mara nyingi haki yake ameinunua mteja. Seti za kununua nazo zina leseni: nyingi huuzwa kwa mtu mmoja, na leseni ya timu ni bei nyingine. Ikoni vivyo hivyo. Fonti ndiyo mtego wa kawaida kuliko yote. Fonti iliyowekwa kwenye kompyuta yako inaonekana kwako, lakini mwenzako akifungua faili anapata onyo la fonti kukosekana na hawezi kuhariri maandishi hayo bila kubadilisha fonti. Kupakia fonti ili timu nzima izitumie ni huduma ya Organization na kuendelea. Kwa Professional, njia rahisi ni kuchagua kutoka Google Fonts, ambazo tayari zimo ndani ya Figma kwa kila mtu, kwa mfano Inter au Noto Sans. Mhandisi naye atakushukuru, kwa sababu atazipata bure kwa tovuti na kwa programu ya simu.

Upande wa kampuni, miradi minne inatosha kuanzia: mfumo wa usanifu, programu ya simu, tovuti, na masoko. Ndani ya kila faili weka kurasa chache zenye majina ambayo mtu asiye mbunifu ataelewa: Inachorwa, Tayari kujengwa, Ghala. Mbunifu wa kujitegemea amezoea faili inayoitwa mwisho, halafu mwisho-2, halafu mwisho-kabisa. Kwenye timu hilo linaua, kwa sababu mhandisi anajenga kutoka kwenye kiungo alichokihifadhi wiki iliyopita. Faili ibaki moja, kiungo kibaki kilekile, na toleo lipewe jina ndani ya historia kwa Ctrl+Alt+S, kwenye Mac ni Cmd+Option+S. Andika kilichobadilika kwa sentensi moja. Kwenye Professional historia hiyo haifutiki.

Maktaba ndiyo sababu halisi ya kulipia. Starter haikuruhusu kuchapisha komponenti ili faili nyingine zizitumie, na bila hilo timu inanakili vitufe kutoka faili hadi faili mpaka vinakuwa na bluu saba tofauti. Professional inakupa. Unatenga faili moja ya mfumo wa usanifu, unaweka humo komponenti mama, yaani zile za asili ambazo nakala zake hutumika kwenye skrini, unachapisha, na kila badiliko linazifikia faili nyingine kama taarifa ya sasisho ambayo mwenye faili anaikubali.

Kama komponenti tayari zimetawanyika kwenye faili za kazi, kuna utaratibu wa kuzihamisha bila kuvunja nakala zake. Zichague komponenti mama, zikate kwa Ctrl+X, nenda kwenye faili ya maktaba, zibandike, chapisha maktaba, halafu rudi kwenye faili ya kwanza ukaichapishe nayo. Nakala zilizokwisha kutumika zitamfuata mama yake alikohamia. Ukizinakili kwa Ctrl+C badala ya kuzikata, unazaa mama mpya asiye na uhusiano na nakala za zamani, na utazibadilisha moja baada ya nyingine kwa mkono.

Kosa la pili ni kuyapa matabaka yaleyale majina tofauti kati ya aina moja ya komponenti na nyingine. Unapoigeuza nakala kuwa aina nyingine, Figma inayahifadhi mabadiliko yaliyofanywa kwenye nakala hiyo kwa kufuata majina hayo. Tabaka la maandishi la kitufe likiwa na jina tofauti kwenye aina nyingine, nakala ambazo zilikuwa zimeandikwa Lipa au Endelea zinaweza kurudi kwenye neno la asili la komponenti mama, bila kelele. Weka majina siku ya kwanza, halafu yaache. Na ukimfuta mama kwa bahati mbaya, bofya nakala yake yoyote. Figma itakupa chaguo la kumrudisha.

Usizalishe aina za komponenti bila hesabu. Kitufe chenye ukubwa 3, hali 4, aina 3, na ikoni ambayo ipo au haipo, ukikichora kwa kila mchanganyiko ni vitufe 72. Ikoni ukiifanya swichi ya kuwasha na kuzima ndani ya komponenti, vinabaki 36. Rangi za aina ukizikabidhi kwa vigeu (thamani zenye jina, kama rangi au nafasi, zinazotumika mahali pengi), vinapungua tena. Timu changa inahitaji komponenti kama kumi na mbili hivi kuanza: kitufe, uga wa kuandikia, kisanduku cha kuteua, swichi, kadi, mstari wa orodha, upau wa juu, upau wa chini, dirisha la onyo, ujumbe mfupi wa chini, hali tupu, na kipakiaji. Kinachozidi hapo kisubiri kihitajike mara tatu.

Vigeu viliingia Juni 2023 pamoja na Dev Mode, na kwetu ndivyo vilivyoigeuza Figma kuwa chombo cha timu badala ya karatasi nzuri. Tengeneza tabaka mbili. La kwanza lina thamani zenyewe, kwa mfano bluu/600 au nafasi/16. La pili lina kazi, kwa mfano kitufe/mandharinyuma au maandishi/hafifu, na kila moja linaelekeza kwenye thamani ya tabaka la kwanza. Mkwaju (/) kwenye jina unatengeneza kundi wenyewe. Mhandisi akitumia majina yaleyale kwenye msimbo, mazungumzo ya rangi ipi yanakwisha.

Kwa timu zinazojenga kwa Kiswahili, vigeu vina kazi nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Kigeu kinaweza kuwa maandishi, na mkusanyiko wa vigeu unaweza kuwa na hali mbili, moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza. Unafunga maneno ya skrini kwenye vigeu hivyo, unabadilisha hali ya fremu nzima kwa mbofyo mmoja, na unaona papo hapo kinachovunjika. Na vitavunjika. Kitufe kilichochorwa kwa neno Save lenye herufi 4 kinapokea Hifadhi yenye 7. Retry ina herufi 5, Jaribu tena ina 11 pamoja na nafasi. Kwenye simu ya Android yenye upana wa 360dp (dp ni kipimo cha skrini za Android), upau wa chini wenye vitu vitano unampa kila kimoja 72 tu. Miamala inaingia, Mipangilio inaingia kwa kubanana, Yaliyokamilika haiingii. Hapo unajua ama neno libadilike ama vitu viwe vinne, na unajua kabla mhandisi hajaandika mstari hata mmoja.

Hili linafanya kazi tu kama umetumia Auto Layout, mpangilio unaojirekebisha kufuata kilichomo, unaowekwa kwa Shift+A. Mbunifu aliyezoea kusogeza vitu kwa mkono anaona ni mzigo, na kwa bango la tangazo kweli ni mzigo. Kwa programu ni lazima. Kitufe kiwe cha kukumbatia maandishi yake, kadi iwe ya kujaza upana uliopo, na maandishi marefu yapewe upana wa mwisho. Kiasi cha pesa kisikatwe kwa nukta tatu kamwe. TSh 1,250,000 ikikatwa inakuwa TSh 1,250…, na mtumiaji anasoma elfu moja mia mbili hamsini. Majina ya watu yapewe mistari miwili.

Makabidhiano kwa mhandisi. Shift+D inaingia Dev Mode. Unaweka alama kwamba sehemu iko tayari kujengwa, unaongeza maelezo juu ya kitu chenyewe, na mhandisi anaweza kulinganisha toleo la leo na alilolijenga juzi. Ulinganisho huo peke yake unatosha kuhalalisha dola 12. Vipande vya msimbo vinavyotolewa, vya CSS (lugha ya mwonekano wa kurasa za wavuti), vya Android au vya iOS, ni vya kusomea vipimo. Anayevinakili na kuvibandika moja kwa moja anatengeneza skrini isiyojua kunyumbuka.

Kuna mambo ambayo Figma haitakuuliza, na mbunifu aliyekuwa anakabidhi picha nzuri kwa mteja husahau kuyachora: orodha ikiwa tupu, mtandao ukikatika katikati ya malipo, jina lenye herufi 40, nenosiri likikosewa mara tatu, salio lisilotosha. Yachore kwenye ukurasa uleule wa skrini kuu. Hakikisha eneo la kugusa lina angalau 48dp kwa Android na 44pt kwa iPhone, na maandishi ya kawaida yana tofauti ya rangi ya angalau 4.5 kwa 1 dhidi ya nyuma yake. Kijivu hafifu kinachopendeza ndani ya ofisi hakisomeki juani Kariakoo. Ikoni zitoe kama SVG. Picha za Android zinatoka kwa mara 1, 1.5, 2, 3 na 4 kufuata msongamano wa skrini. Na kumbuka Figma inapunguza picha yoyote inayozidi pikseli 4,096 kwa upande, kwa hiyo bango la barabarani lisihifadhiwe humo kama nakala pekee.

Udhaifu tunaoulalamikia zaidi ni matawi. Uwezo wa kutoa tawi la faili, kulifanyia kazi kando na kuliunganisha baadaye umefungiwa Organization na kuendelea. Timu yenye wabunifu wawili kwenye Professional inabaki kunakili ukurasa, kuuchora upya, kisha kubandika kwa mkono. Inakwama pale ambapo mmoja amebadilisha komponenti mama wakati mwingine yuko kwenye nakala ya ukurasa. Kinga yake ni makubaliano: faili ya maktaba inaguswa na mtu mmoja kwa wakati, na toleo linapewa jina kabla na baada. Hata hivyo kulipa dola 55 kwa kiti kwa ajili ya matawi tu, kwa wabunifu wawili, hatuoni faida yake.

Kufanya kazi huku unaangaliwa kunahitaji mazoea. Mishale ya wenzako inapita juu ya skrini yako, na mtu anaweza kubofya picha yako akafuata kila unachofanya. Ctrl+Alt+\ inaficha mishale. Ukihitaji kujaribu mambo mabichi, fungua rasimu, usijaribu kwenye ukurasa ambao mhandisi ameuhifadhi.

Figma inachora kwa kadi ya picha ya kompyuta ndani ya kivinjari. Ikiwa nzito kupita kawaida, angalia kwanza kama kivinjari kimeruhusiwa kutumia kadi hiyo, kabla ya kulaumu intaneti. Kinachojaza kumbukumbu ni picha kubwa na matabaka yaliyofichwa. Kuficha tabaka hakulitoi kwenye faili. Ghala likijaa, lihamishie faili yake. Anayetumia Linux hana programu rasmi ya mezani na atafanya kazi kwenye kivinjari, kinachotosha.

Umeme na bando navyo vihesabiwe. Intaneti ikikatika, faili iliyokwisha funguka inaendelea kuhaririwa, na mabadiliko yanapanda ikirudi. Faili ambayo hukuifungua kabla haifunguki. Kwa hiyo asubuhi fungua zote utakazozihitaji, na intaneti ikikatika usifunge dirisha. Hatari iko kwenye kugongana: watu wawili wakibadilisha sifa ileile ya kitu kilekile, badiliko lililofika mwisho kwenye seva ndilo linalobaki. Aliyekaa saa nzima nje ya mtandao akirudi anaweza kufunika rangi au neno ambalo mwenzake ameshalirekebisha. Wenye ofisi sehemu yenye mgao wa umeme, betri ndogo ya kuendeshea ruta ina thamani kuliko kiti cha ziada.

Mbadala upo, lakini ni wachache. Adobe XD haiuzwi tena peke yake tangu 2023, msianze nayo. Sketch ni nzuri na tulivu, ila uchoraji wake ni wa Mac tu, na timu yenye mhandisi mmoja wa Windows tayari ina tatizo. Penpot ndiyo tunayoiheshimu: ni ya chanzo huria, inaendeshwa kwenye kivinjari, unaweza kuiweka kwenye seva yenu kwa Docker (zana ya kusakinisha programu kwenye seva), na mpangilio wake unafuata kanuni za CSS, jambo linalowapendeza wahandisi. Inamfaa anayetakiwa na wateja wake, kwa mfano taasisi ya serikali au hospitali, asiweke michoro kwenye seva za nje. Mapungufu yake ni plagini chache na uzito kwenye faili kubwa. Anayetaka kuijaribu asihamishe kazi nzima. Achukue skrini tano zenye fomu, orodha na malipo, azijenge upya humo pamoja na mhandisi atakayezisoma, na ahesabu siku zilizotumika kabla ya kusitisha usajili wa Figma.